Gazeti la Uji

Toleo la kwanza lililiwa na mbuzi.

Kalekye alifika kwenye tangi la maji la Kabiro, mtaani Kawangware, asubuhi akakuta pembe za karatasi tu zimebaki ukutani, na beberu mmoja amesimama hapo akilamba, ametulia kama mwenye ploti. Gundi walikuwa wameipika wenyewe kwa unga wa mahindi, uji mzito usio na sukari, na hakuna aliyekumbuka kwamba mbuzi wa Kawangware nao wanashinda na njaa. Wanawake wa foleni walicheka mpaka wakashika mitungi. Kalekye hakucheka. Toleo la pili alitia pilipili kwenye uji, beberu akaja, akalamba, akaenda zake akipiga chafya.

Hasira yake haikuwa ya mbuzi. Uchaguzi ulipovurugika, Soko la Toi lilichomwa, na kibanda chake cha mitumba ya watoto kikaisha chote, hata hanga za kutundikia nguo hazikubaki. Hiyo aliimeza. Yaliyomkwama kooni ni mambo aliyofanyiwa Khamala, yule Mluhya wa mkokoteni aliyewauzia maji miaka yote. Siku hiyo meseji ilizunguka kwenye simu kwamba maji ya mikokoteni yametiwa sumu. Kalekye alikuwa ameshayanywa, ameshayapikia, na alikuwa mzima. Alipotoka nje kusema hivyo, mkokoteni ulikuwa unawaka na Khamala amevunjwa mkono, na waliomvunja ni vijana aliokuwa akiwapa maji kwa deni. Redio haikusema neno juu ya Khamala. Magazeti ya town yaliandika wakubwa wamekutana hotelini, wamekunywa chai, wameahirisha.

Basi akaenda kwenye chama. Kilikuwa chama cha akina mama wa Toi, wa makabila yote, wanaochanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu. Wiki hiyo zamu ilikuwa yake. Kila mtu alijua hiyo pesa ni ya kujenga kibanda upya. Misumari alikuwa ameshanunua, iko kwenye mkebe chini ya kitanda. Akawaambia atanunulia karatasi. Wakamuuliza kama ni malaria imempanda kichwani. Akawaambia hawezi kuuza nguo kwa watu wanaouana kwa sababu ya uongo wa simu, kwamba watakuwa na gazeti lao, ukurasa mmoja tu, la kubandikwa kwenye matangi ya maji huku Kawangware na kule Kibera, kwa sababu hakuna Mluo wala Mkamba asiyepanga foleni ya maji. Asiyejua kusoma atasomewa na aliye nyuma yake.

Mwandishi walikuwa naye. Caren alikuwa akipiga taipu na kutoa kopi kwenye duka moja pale stendi ya 56, mpaka mwenye nyumba akamwambia ahame, arudi kwao ziwani kwa Waluo wenzake. Sasa alilala kwa shangazi yake Kibera, na kompyuta aliitumia kwa saa za kuibia kwenye duka la rafiki. Binti huyo alikuwa na sheria moja, na hakuilegeza hata kwa mama mwenye mvi. Ukimletea habari, anauliza, "Nani ameona?" Ukisema umesikia, anaweka kalamu chini. Kwa sheria hiyo waliandika njia ipi imefunguka, zahanati ipi ina dawa, mtoto gani amepatikana na yuko kwa nani. Waliandika pia kwamba maji ya Khamala hayakuwa na sumu, na aliyeona ni Kalekye, kwa tumbo lake mwenyewe. Watu wakaanza kufika kwenye tangi mapema, hata wenye maji nyumbani.

Pesa ya chama ikaisha, kama pesa inavyoisha. Hapo ndipo alipokuja Nyamai.

Nyamai alikuwa na duka la mabati na misumari pale 56, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya kugawa chakula cha msaada mtaani. Alikuwa Mkamba wa Kitui kama Kalekye, na alimwita mwaitu, yaani mama, kwa heshima ya kwao. Alisema gazeti limemgusa moyo. Atalipa karatasi na kopi, na unga wa gundi pia atatoa. Hakutaka kitu, ila tu jina lake liwekwe chini na neno la asante. Caren aliuliza kwa nini mtu alipe bila kutaka kitu. Kalekye ndiye aliyemjibu, mbele ya chama kizima, kwamba huyu anamjua, huyu ni mtu wa kwao, asimtilie shaka. Basi jina likawekwa. Wakati huo huo foleni za chakula zilikuwa zinarudi na magunia matupu, kamati ikisema lori limekwama barabarani, na akina mama wakileta habari hiyo kwa Caren, na Caren akiuliza nani ameona hilo lori.

Gunia la kwanza la Nyamai walilipika wenzake; la pili lilipoletwa, Kalekye alikaa nalo uani kupika gundi. Mikono yake ilikuwa imezoea mitumba. Haikuwahi kushika kitambaa bila kukigeuza kutazama mshono wa ndani, na ilishika gunia hivyo hivyo, bila yeye kuituma. Mshono wa ndani ulikuwa nje. Gunia lilikuwa limegeuzwa na kushonwa upya. Akamimina unga kwenye beseni, akaligeuza, na maandishi makubwa ya buluu yakamtazama: Chakula cha msaada. Hakiuzwi.

Alikaa pale sufuria ikiungua. Alifikiria kuta zote walizopaka. Watoto wa Kabiro walikuwa wakilala kwa kunywa maji ya chumvi tu, na yeye alikuwa akipaka chakula chao ukutani, na pilipili akatia, mbuzi asile.

Hakuwaambia chama kwanza. Alimwendea Nyamai dukani, gunia kwapani. Nyamai alilitazama, akafunga mlango nusu, akaongea kwa upole. Alisema misaada ni mingi, mingine huharibika, na yeye ana gharama. Alisema bila yeye gazeti litakufa kesho. Mwisho akasema lililokuwa moyoni.

"Mwaitu, ukiandika Nyamai mwizi, Kibera watasoma Mkamba mwizi. Nyumba za watu wetu zitachomwa. Utawazika wewe?"

Neno hilo lilimpata, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndio maana lilimkasirisha kuliko wizi wenyewe.

"Ulipokuwa unashona magunia hukuwa Mkamba," alisema. "Ulikuwa Nyamai. Umekuwa Mkamba sasa hivi, nilipoingia."

Chama kiligawanyika. Wengine walisema waache tu, gazeti la kopi linaokoa watu kila wiki, kwa nini liuawe kwa sababu ya unga. Wengine waliogopa moto, na Kalekye mwenyewe aliuogopa. Hakutaka Khamala mwingine, hata kama Khamala huyo ni mwizi. Caren alisubiri mpaka wote wakachoka. Kisha akatoa kalamu.

"Nani ameona?"

"Mimi," Kalekye alisema. "Nimegeuza kwa mkono huu. Na andika pia ni mimi niliyewaambia mumwamini."

Karatasi haikuwepo, pesa ya kopi haikuwepo, na gundi hakuna aliyethubutu kuipika tena. Kalekye akatoa ule mkebe wa misumari chini ya kitanda. Walichukua gunia lenyewe, maandishi ya buluu yakiwa nje, Caren akaandika chini yake kwa rangi nyeusi: lilikotoka, aliyelileta, na duka lilipo. Halafu Kalekye akamwambia aongeze kwamba kila mwenye haki aje dukani na mtungi wake kuchukua unga, apange foleni kama ya maji, na atakayekuja na kiberiti atapita juu ya mwili wa Kalekye kwanza. Akalipigilia kwenye mbao za tangi la Kabiro kwa misumari ya kibanda chake, akipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Gunia lingine, lile la kwanza, lenye maandishi yale yale ndani, Caren alilipeleka Kibera.

Kesho yake foleni ilitoka mlangoni kwa Nyamai ikazunguka saluni mpaka stendi. Wanawake wa Kibera walikuwa wamevuka barabara ya Ngong kwa miguu, mara ya kwanza tangu vita vianze, wakasimama nyuma ya wale wa Kabiro. Hakuna aliyeshika jiwe. Kalekye alikaa kwenye kiti mlangoni, kanga kiunoni, Caren kando yake na kalamu, akitazama mikono ya kila anayekaribia. Khamala alikuja na mkono wake kwenye bendeji, akapewa nafasi ya mbele na wanawake walioona aibu.

Nyamai aliona foleni haina mwisho, akafungua. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka darini, yote mshono nje. Alipima unga jasho likimtoka, na alipofika karibu na kile kiti akainama.

"Umenimaliza, mwaitu. Sasa hilo gazeti lako atalilipia nani?"

Kalekye hakushusha sauti.

"Sema polepole, Nyamai. Caren anaandika."