Keki za Karobu za Kidoti

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatano, akaniambia Kidoti anatimiza miaka sita Jumamosi na anataka keki.

"Zile ndogo za vikombe vya karatasi, dada. Vitu vyote nitanunua mwenyewe, wewe njoo tu na mikono yako. Mikono yako naiamini."

Nilikuwa nimeshika bakuli la krimu. Nililiweka mezani kabla halijaniponyoka.

Ningekuwa na haya ningekataa. Badala yake nilisema nitafika saa tatu asubuhi, nikakata simu, nikamfokea mteja aliyeuliza kama mkate ni wa leo. Nina duka la keki, mtaa mzima unaniita Mama Keki, na kwa miaka kumi na tisa hajatokea mtu wa kusema kitu changu kimemdhuru. Hajatokea kwa sababu aliyedhurika hakunitaja. Au niseme ukweli: alinitaja, ila hawakumwelewa.

Kidoti ni binti wa mdogo wangu, mtoto pekee wa nyumba zetu mbili, maana mimi sikujaliwa. Dada wa mama naye ni mama, mama mkubwa, lakini Kidoti tangu aanze kusema ana uvivu wa maneno marefu: mimi mama, mama yake mama. Tukiwa pamoja akaita, tunageuka wote wawili. Nilikuwa naipenda sana hiyo. Nilikuwa nageuka haraka kuliko mwenyewe aliyemzaa.

Mwili wa mtoto huyu haupatani na maziwa, mayai wala chokoleti. Daktari alisema hivyo tangu hajatimiza miaka miwili, akawaandikia na karatasi, ikabandikwa kwenye friji. Mimi sikuamini. Niliona ni madoido ya wazazi wa siku hizi wanaoogopa chakula kuliko njaa. Nikipeleka keki zangu, zinarudi kama zilivyokwenda, na mimi moyo unanifura. Mdogo wangu akaanza kuoka za kwake, zisizo na chochote kinachotoka kwa mnyama, na badala ya kakao akawa anatia karobu, unga wa kahawia unaosagwa kutoka maganda matamu ya mti. Siku moja aliniletea niionje. Nilitafuna, nikamwambia hii inafaa kuzibia nyufa za ukuta. Tulicheka wote, ila yeye alicheka kwa adabu tu.

Basi miezi saba iliyopita akaniachia Kidoti dukani mchana, pamoja na kikopo cha chakula chake. Saa kumi nikawa natoa kwenye oveni keki za chokoleti, zenye siagi halisi na maziwa, na mtoto ananitazama. Hakuomba. Angeomba, leo ningekuwa na cha kujitetea. Nilimpa mwenyewe. Nilitaka ale, acheke, abaki mzima, halafu nimgeukie mdogo wangu nimwambie, umeona sasa? Nilitaka ushindi, basi. Alikula nusu, akanibusu shavuni na midomo yake ya chokoleti. Nikampangusa vizuri kwa kitambaa chenye maji, na kule kumpangusa kunanisuta mpaka leo, kwa sababu mtu asiyejua anachokifanya hana haja ya kufuta alama.

Mama yake akaja kumchukua. Pale mlangoni akamtolea biskuti kwenye mkoba, kama alivyozoea, wakaondoka wameshikana mikono. Hawakufika hata kona ya pili.

Nilipoitwa nilikimbia na aproni yangu. Nikawakuta kwenye zahanati, Kidoti ameshachomwa sindano, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari miwili, pumzi inatoka kwa kukoroma. Muuguzi alikuwa amemwinamia.

"Nani alikupa ulichokula, mwanangu?"

"Mama," Kidoti akasema.

Alikuwa ananitazama mimi. Niliyaona macho yake mimi peke yangu, kwa sababu wengine wote walikuwa wamemgeukia mama yake.

"Ni mimi," mdogo wangu akasema. "Zile biskuti. Pakiti ilikuwa mpya, sikusoma nyuma." Akakaa sakafuni, mtu mzima na sketi yake ya kazini. Kisha akainua uso. "Dada, kwani kwako alikula nini?"

"Ale nini tena," nikasema, "na wewe umemletea kikopo chake?"

Nilijiambia sikudanganya, nimeuliza swali tu. Nimelitafuna swali hilo kwa miezi saba na halijalainika.

Tangu siku ile mdogo wangu hajampikia mwanawe. Shemeji anaamka mapema, anachemsha viazi na maharage ya mtoto kabla ya kwenda kazini, na mkewe anakaa mezani kumtazama mtoto akila, mikono mapajani. Hata kijiko hamshikii. Kila pakiti inayoingia mle ndani anaisoma kwa sauti mara tatu, kisha anampa shemeji naye asome. Ananawa mpaka ngozi ya vidole imepasuka. Mimi ndiye niliyempelekea mafuta ya kupaka kwenye hiyo mipasuko, na akanishukuru kwa kunikumbatia.

Jumamosi nilikoga mara mbili, nikavaa gauni lisilowahi kuingia dukani, maana kwangu siagi iko hadi kwenye mapazia. Mdogo wangu alikuwa ameshapanga kila kitu mezani: unga, sukari, magadi soda, siki, mafuta ya alizeti, ndizi tatu zilizoiva mpaka zikawa na madoa, na kopo la karobu ambalo bado halijafunguliwa. Yeye alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono nyuma, kama mgeni aliyekatazwa kugusa vitu vya watu.

"Nisomee kopo, dada."

"Karobu. Hakuna kingine."

"Soma tena."

Nikasoma tena, na sauti yangu haikutetemeka. Nimekuwa mzoefu.

Karobu haitaki papara. Ina mabonge, kwa hiyo niliichekecha mara mbili pamoja na unga. Ina utamu wake, nikapunguza sukari. Inaungua upesi kuliko kakao, nikashusha moto wa oveni. Nikaponda ndizi zishike mahali pa mayai, nikatia mafuta na maji, na siki ilipokutana na magadi rojo likafura. Nikakoroga kidogo tu nikaacha. Haya yote nilikuwa nayajua. Ile keki niliyoisema ya kuzibia nyufa ilikuwa imeungua kidogo, basi, na ningeweza kumwambia mdogo wangu ashushe moto. Lilikuwa ni neno moja tu, na ndiyo kazi yangu. Nilichagua kumcheka.

Harufu ikaanza kutoka, tamu na nzito, kama ya tende zilizosahauliwa juani. Kidoti akaingia mbio, taji la karatasi limemwangukia sikioni. Akapiga magoti mbele ya oveni, akachungulia kwenye kioo, na bila kugeuka akauliza:

"Mama, leo sitaumwa?"

Nilifungua mdomo. Lakini sauti iliyojibu ilitoka mlangoni.

"Huumwi, mwanangu." Mdogo wangu akanyoosha mikono yake mbele, ile iliyopasuka, akaigeuza huku na huku ili mtoto aione. "Leo mama hajagusa kitu. Unaona? Hata kijiko sijagusa."

Kidoti akamtazama kwa mshangao. Kisha akanitazama mimi, anangoja jibu, kwa sababu swali lilikuwa langu.

Hata hapo niliwaza kunyamaza. Sitajipamba. Niliwaza duka, nikawaza mtaa, nikawaza nitageuka kwa nani kama huyu mtoto ataacha kuniita. Lakini ile mikono ilikuwa bado imenyooshwa, naye anatabasamu, anamwomba radhi mtoto kwa kosa langu.

"Si biskuti," nikasema.

"Nini?"

"Siku ile. Haikuwa biskuti yako. Nilimpa keki mimi. Ya chokoleti, ya dukani, ina siagi na maziwa. Nilimpa nikijua."

Akatikisa kichwa, na tabasamu bado lipo. Alidhani namfariji. "Dada, usijibebeshe ya kwangu. Mwenyewe alisema ni mama."

"Na mimi ananiitaje?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale limesahauliwa, huku macho yakiendelea na kazi, yakirudi dukani kwangu, yakirudi kwenye kile kitanda cha zahanati. Akachuchumaa mbele ya mwanawe. Hakumgusa.

"Kidoti. Ulipoumwa, muuguzi akakuuliza, ukasema mama alikupa. Mama yupi?"

"Huyu." Akaninyooshea kidole, hana hata kinyongo. "Alinipa keki tamu. Mimi nilisema, ila wewe ukaanza kulia."

Kengele ya oveni ikalia. Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa, maana kazi ni kazi na karobu haisubiri.

"Acha," akasema mdogo wangu.

Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ningemshukuru. Akaenda kwenye sinki, akanawa mara moja, mara moja tu, akafunga bomba. Akafuta mikono, akashika kitambaa, akafungua oveni, akatoa trei, akaiweka juu ya jiko. Akachoma keki moja kwa njiti, ikatoka kavu. Akaipuliza, akabandua karatasi, akamega kipande na kukipuliza tena, kisha akakipeleka kinywani mwa mwanawe kwa vidole vyake mwenyewe. Makombo yalidondoka kwenye kidevu cha mtoto.

"Tamu?"

"Tamu."

Akamega kingine. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini mkono haukusimama.

Nikachukua mkoba wangu. "Nisamehe," nikasema, na neno lenyewe nikaliona dogo hata kabla halijamaliza kutoka. Akanipa mgongo, akampangusa mtoto makombo kidevuni. Nilikuwa nimejiandaa aniambie nitoke na nisikanyage tena hapo, na ningetoka. Nilikuwa nimeshika kitasa aliposema, mgongo bado kanipa:

"Kidoti, muage."

"Kwaheri, mama."

"Mama yupi?"

Mtoto akaacha kutafuna. Alidhani amekosea kitu.

"Mama mkubwa," mdogo wangu akamfundisha, polepole, kama anavyofundishwa anayeanza kusema. "Liseme lote, usilikate tena. Mtu akikuuliza, ajue umemtaja nani."

"Mama mkubwa," akasema Kidoti, mdomo umejaa karobu.

"Tena."

"Kwaheri, mama mkubwa."

"Kwaheri, mwanangu," nikaitika. Ni jina langu halali, halina tusi ndani yake, na sikuwa na la kulalamika.

Nilikuwa nimeshuka ngazi mbili niliposikia ile sauti nyembamba ikiita kutoka jikoni, kwa nguvu, "Mama!" Nikageuka. Mlango ulikuwa bado uko wazi. Alikuwa anataka kipande cha tatu, na aliyeitwa alikuwa ameshaanza kukimega.