Programu Iliyopunguza Picha

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta alikuwa akijenga programu ya kupunguza ukubwa wa picha. Seva ya ofisi ilikuwa imejaa pomoni, na mkuu hakutaka kusikia habari ya kununua nyingine. Fundi akapakua mtandaoni msimbo chanzo wa programu hiyo na kuanza kuujenga mwenyewe. Mara ya kwanza ukakwama kwa kukosa faili moja, mara ya pili kwa kukosa jingine. Mara ya nne ukakubali.

Maelezo yalisema programu huondoa kile tu ambacho jicho halitakikosa. Ilibidi kwanza ifundishwe kuona, na hapo fundi akaboronga: aliifundisha kwa picha alizopiga mkuu.

Kufikia saa sita picha elfu tisa zilikuwa zimepungua, na zile za awali zimefutika, maana hapakuwa na nafasi ya nakala. Rangi zilikuwa safi. Shangazi wa fundi tu, mwandaa chai wa ofisi kwa miaka ishirini na miwili, hakuwemo. Katika kila picha ya mkutano sinia lilikaa hewani, birika limeinama lenyewe, na chai ikiingia vikombeni bila kumwagika hata tone.

Fundi alisikitika sana. Shangazi alikuwa anastaafu Ijumaa, na alikuwa ameomba picha moja tu ya kazini, atundike sebuleni.

"Sinia naliona," shangazi alisema alipoonyeshwa. "Ndilo lile lililobonyea. Mimi nilisimama hapa nyuma."

"Programu imekutoa, Shangazi. Nisamehe."

"Usijali, baba. Si kuna ile ya ukutani kwa mkuu? Niombee hiyo."

Ile ilikuwa imechapishwa zamani, na shangazi alikuwemo mzimamzima, akitabasamu. Fundi alichapisha picha hiyohiyo iliyopunguzwa, akaingia kwa mkuu, akaishusha ile ya ukutani, akaziweka zote mbili mezani na kueleza shida yake.

Mkuu alivaa miwani. Aliitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, akarudia tena bila haraka.

"Mbona zote ni ileile?" akasema. "Mpe hiyo uliyokuja nayo."

Shangazi alikuwa ameshaingia kuchukua kikombe. Mkuu aliinua kiwiko kumpisha, macho yake yakiwa bado kwenye picha.