Watumike Madume Tu

1.
TANGAZO KWA WAHUDUMU WA CHUMBA CHA PANYA
Katika jaribio la dawa ya majani ya kupunguza mafuta mwilini, watumike madume tu. Homoni za majike hupanda na kushuka, huvuruga majibu. Majike wa ziada wauawe kila Ijumaa.

2.
Hobokela ndiye aliyepewa kuwaua. Miaka kumi na mmoja anafuta mikojo ya panya, mgongo umekwisha, na kila Ijumaa mkono ule ule. Ijumaa moja akachoka. Msomaji, usimpambe kwa huruma, alichoka tu. Akawaficha majike kumi na wawili nyuma ya magunia ya pumba, akawa anawanywesha dawa inayobaki, maana kuimwaga kulimuuma.

3.
Madume: wamekonda. Ini jekundu, safi.
Dokta Mwakifuna, mwenye jaribio, alicheka hadi jino la mwisho likaonekana.

4.
Majike (Hobokela aliwapasua peke yake, wenzake wamekwenda kula):
wamekonda pia.
Ini limevimba, rangi ya siagi. Kisu kinatoka na mafuta.

Wote.

Mafuta hayakutoka mwilini. Yamehama tu.

5.
Simu. Tusekile, mdogo wake.
"Dada, ile chupa uliyonipa inafanya kazi. Gauni langu la sendofu linapita."
"Unakula?"
"Nile nini? Chakula hata harufu siitaki. Na huku ubavuni, kulia, kunanichoma kidogo, nadhani ni gesi. Niletee nyingine."
Hobokela akakalia ndoo.
"Usiinywe tena, Tuse."
"Kwa nini? Si mlishaipima?"
"Tumeipima."
"Kwa wanawake wangapi?"

6.



7.
"Majike gani?" aliuliza Dokta. "Mimi sina majike. Umechukua dawa ya jaribio, umefuga panya wasio na namba, halafu unataka niandike? Mama, nenda kapumzike. Lebo imeshachapwa: kwa watu wazima wote. Jaza fomu yako, weka sahihi, tumalize."
"Dokta, mdogo wangu anainywa."
"Basi mpeleke hospitali."
Akarudi kwenye karatasi zake.

8.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo, lakini huu ni wake. Akisema, kazi imekwenda, na nyumbani hakuna mwingine mwenye kazi. Asiposema, Tusekile ni mmoja tu, na chupa zinapakiwa makatoni kwa makatoni. Amechoka mpaka woga wenyewe umemchosha.

9.
FOMU YA MHUDUMU
Madume waliotumika: 40
Majike waliotumika (acha wazi):

Hakuacha wazi. Aliandika polepole, herufi kubwa, kama anayeandikia watu wasioona vizuri:

12. MAINI YOTE YAMEJAA MAFUTA.
NA MWANAMKE MMOJA, MIAKA 34, MDOGO WANGU, AMBAYE NILIMPA CHUPA KWA MKONO WANGU NIKAMWAMBIA USIOGOPE, IMESHAPIMWA KWA