Kupima Paa kwa Maji

Kaburi lilikuwa limekwisha, ila halijapimwa kwa maji. Mawe kumi na sita ya ukuta yalisimama wima. Matatu ya paa, ambayo maksai waliyaburuta juu ya magogo tangu theluji ilipoganda, yalikuwa yamekaa mahali pake. Ujia wa kuingilia ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu mnene ilimbidi atambae kwa ubavu.

Paa lilikuwa kazi ya Tirka. Alikuwa ameziba kila ufa kwa vijiwe bapa, akatandaza magome meupe ya miti tabaka saba, la juu likilalia la chini kama magamba ya samaki, kisha akashindilia udongo wa mfinyanzi na jiwe la gumegume lililochomwa na kupondwa.

Mifupa ya mama yake ilikuwa kapuni mwaka wa pili sasa. Desturi haikuwa na mjadala: tone moja likianguka ndani, paa linafumuliwa, na marehemu wanakwenda kulazwa kwa watu wa ng'ambo ya ziwa. Mama hakuwapenda watu hao, hata baada ya kumwoza Tirka kwao. "Hawajui hata kutengeneza pombe," alikuwa akisema.

Wapimaji hutoka ukoo mwingine, na ukoo mwingine ulikuwa huohuo wa ng'ambo ya ziwa. Walikuja kumi na tisa, wakiongozwa na Hargo, kaka wa mume wa Tirka.

"Shemeji, nimekuja na ngozi ya kujikinga mvua," alisema Hargo, akijikunja mlangoni.

"Umefanya vema. Ndivyo mlivyozoea. Nasikia wazee wenu wanaoga kila theluji ikiyeyuka."

Watu walicheka, na Hargo akawashinda wote kwa kicheko, maana kaburi la kwao lilivuja kweli.

Wakaingia wote kumi na tisa na taa zao za mafuta na mitungi miwili ya pombe ya shayiri, wakakaa magoti kwa magoti, wakaimba. Huko juu wanawake walimwaga maji ya kinamasi, ndoo ya ngozi baada ya ndoo. Tirka alihesabu akiwa ujiani. Ilipofika ya thelathini na nane, nyimbo zilikatika.

"Tone!" alipiga kelele Hargo. "Limenipata katikati ya upara!"

Tirka alitambaa hadi ndani. Lilikuwa tone kweli.

"Pole, shemeji," Hargo alisema, na alimaanisha. "Mama tutampokea. Tutamlaza karibu na bibi yangu, apate mtu wa kugombana naye."

"Tulia kwanza." Tirka alilifuta tone uparani kwa kidole, akakisogeza kwenye taa. "Huko juu tunamwaga maji ya rangi gani?"

"Ya kinamasi. Kahawia."

"Na haya?"

"Meupe. Lakini yamepita kwenye udongo wako, yamechujika."

Hoja ilikuwa nzuri, na Tirka hakuwa mtu wa kubisha hoja nzuri. Alipitisha kiganja kwenye jiwe la paa. Lilikuwa na umande kila mahali, hata katikati pasipokuwa na ufa. Paa linalovuja huvujia penye ufa.

"Tokeni wote."

"Desturi inasema mpimaji akae ndani."

"Mmoja. Desturi haikusema kumi na tisa na mitungi. Kaa wewe, bila taa, bila kuimba."

"Bila pombe?"

"Bila pombe, shemeji."

"Hii sasa ni adhabu," alilalamika Hargo, lakini alibaki.

Tirka alikausha jiwe lote kwa manyoya ya kondoo. Wanawake wakamwaga ndoo arobaini, kisha, kwa ukaidi wa Tirka, wakaongeza kumi. Kivuli cha jiwe la mlangoni kikasogea hatua nzima. Ndipo Hargo akatoka kinyumenyume, matako yakitangulia, akasimama na kuuinamisha upara wake mbele ya watu.

"Gusa mwenyewe."

Tirka aligusa. Mkavu.

"Lile tone lilikuwa nini basi?" aliuliza Hargo.

"Pumzi zenu. Chungu kikichemka, kifuniko hutoa jasho. Huwezi kusema kimevujiwa na mvua."

Hargo alifikiri kidogo, kisha akawageukia wenzake. "Pakavu!" alitangaza. "Na sisi ndio mvua."

Kicheko kilikuwa hakijaisha Tirka alipolichukua kapu na kuinama mlangoni.

"Nikusaidie, shemeji? Tunamlaza upande gani?"

"Kulia, mwisho kabisa," alisema Tirka, akianza kutambaa. "Nyinyi imbeni hukohuko nje."