Koili za Shemeji

Binti mtafiti alinikuta karakana ya hospitali, nimelala chini ya kitanda cha wagonjwa nikikaza skrubu. Alinipa shikamoo ya adabu, akavuta stuli, akafungua kompyuta yake. Alikuwa na jedwali la safu mbili, nchi yetu na nchi jirani: nani alipewa nini na wafadhili, na kilichotolewa kilidumu miaka mingapi.

“Mzee, hapa kuna kitu kinanitatiza,” alisema. “Nyinyi mliletewa vitanda kumi vya joto vya watoto njiti. Jirani zenu waliletewa vinne. Kwingine kote nchini vilikufa ndani ya miaka miwili. Vyako vilifanya kazi miaka kumi na moja. Ilikuwaje?”

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nimejipiga kifua. Hata cheti cha Fundi Bora kilichotundikwa ukutani nilikipata kwa ajili ya vitanda hivyo. Nilikuwa nafungua kinywa nianze hadithi yangu ya bidii na ubunifu, binti akashuka chini kwenye jedwali.

“Hawa jirani ndio waliochekesha,” aliendelea. “Vitanda vinne tu, lakini wakapewa masanduku kumi na mawili ya spea, na fundi wao akapelekwa ng'ambo miezi sita kusomea. Spea zikayeyuka. Nimeandika kwamba fundi aliziiba.”

Fundi huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ana miaka minne kaburini.

Nikaiona sebule ya dada upande wa pili wa mpaka, mwendo wa saa moja kwa baiskeli, nilikokuwa nikienda kila Jumamosi. Mimi na shemeji tulikuwa chanda na pete, ila tukikaa mezani tulibishana mpaka majirani wakachungulia.

“Nyinyi mnapendwa bwana!” alizoea kusema. “Vitanda kumi! Sisi tumepewa vinne kama vile tulikwenda kuomba chumvi.”

“Kumi, bila hata fyuzi moja ya akiba,” nilimjibu. “Wewe umepandishwa ndege, umerudi unaongea kwa pua.”

“Watu wazima mnagombania vya kupewa,” dada alisema, akituondolea vikombe. “Vingekuwa vyenu je?”

Shemeji alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe, kwa hiyo nusu ya vichekesho vyake sikuwahi kuvisikia mwisho. Namkumbuka mpaka kifua kinauma. Siwezi kusema siku zile zilikuwa rahisi, lakini ningezirudia zote.

Kitanda changu cha kwanza kilipokufa, nilimpelekea koili yake ya kupasha joto iliyoungua nimeifunga kwenye gazeti, nikijifanya nataka ushauri tu. Aliigeuza mara moja, akaingia chumbani alikoweka sanduku moja lililokosa nafasi stoo, akatoka na koili mpya. Yeye alikuwa na spea za vitanda thelathini, na vitanda vinne. Mimi wodini nilikuwa na watoto watatu kwenye kitanda kimoja. Alinifundisha kuifunga palepale mezani kwa kisu cha kukatia mkate, maana bisibisi tuliziacha kazini. Tangu hapo kila Jumamosi niliondoka na kitu mfukoni, naye kwenye daftari la stoo aliandika “imetumika”. Hakuandika imetumika wapi.

Huku nikasifiwa, nami nikavimba kichwa. Kule wakaguzi wakafungua masanduku, wakayakuta matupu. Shemeji aliulizwa, akanyamaza, maana angenitaja ningefukuzwa kazi. Alistaafu bila kuagwa hata kwa kikombe cha chai. Nilizisikia habari hizo, nikaacha safari za Jumamosi, nikajiambia ni mambo ya serikali yao, hayanihusu. Naona aibu kuyasema haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

“Futa hapo,” nilimwambia binti.

“Nifute nini, mzee?”

“Hakuiba hata moja. Zote zilikuja hapa.” Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, koili, fyuzi na kisu cha mkate.

Aliacha kuchapa. “Nikiyaandika haya mkurugenzi wako atayasoma. Na hicho cheti chako...”

“Andika, mwanangu. Na uandike kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.”

“Sasa niweke safu ipi? Spea ni za kwao, watoto ni wa kwenu.”

“Hapo unanionea. Sisi wenyewe tulibishana miaka kumi na moja na hatukumaliza.”

Alipoondoka nilimpigia dada simu. Nilikosea namba mara mbili. Nilipomaliza kumweleza, nikasikia akivuta kiti akae.

“Watoto wangu wameitwa watoto wa mwizi mpaka wamezoea,” alisema. “Nilitaka kuja nikuombe useme. Alinikataza.”

“Kwa nini, dada?”

“Alisema nisikuombe, utasema mwenyewe. Akawa anangoja. Hata alipolazwa, kila simu yangu ilipolia aliniuliza kama ni wewe.”