Maji ya Kumtuliza Anaclet

Anaclet hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima lisemwe mapema, maana pale mtaani kwao, mtaa wa mjini uitwao Kenya kama ile nchi, watu walikuwa wameshaamua vingine. Alikuwa mtu wa kelele tu, na kelele zenyewe alitoka nazo kazini. Alikuwa kapita, yaani msimamizi, kwenye kiwanda cha kupasua mbao, mahali ambapo msumeno ukishawashwa, mtu anayetaka kuomba msumari lazima apige ukelele kana kwamba anachinjwa. Alipiga ukelele tangu asubuhi mpaka jioni, na alipofika nyumbani koo lake lilikuwa bado halijapata habari kwamba kazi imekwisha. Akiomba chumvi, kuku wa jirani waliruka. Akimsifu mke wake kwa mboga tamu, wapita njia walisimama barabarani wakatikisa vichwa na kusema, maskini Chileshe, leo tena.

Maneno hayo yalipanda kamyo ya samaki, ile inayokwenda na kurudi Kasenga, yakamfikia mama yake Chileshe kule kando ya mto Luapula. Yalipofika yalikuwa yamenenepa. Mama akatuma jibu kwa dereva huyohuyo: anakuja kumchukua binti yake.

Chileshe alilia siku nzima, kisha akachoka kulia, akaanza kufikiri. Alimpenda mume wake. Hakuwa na aibu ya kusema hivyo. Alichotaka ni kumpunguza sauti tu, kama mtu anavyopunguza utambi wa taa. Akakumbuka kwamba pale foyer, wanawake wanakofundishwa kushona na kufuma, madame mmoja aliwahi kuwasomea kwenye gazeti lake kwamba mtu mwenye mishipa iliyochemka awekwe ndani ya maji ya uvuguvugu yenye maua ya lavanda. Chileshe hakuwahi kuliona ua hilo hata kwenye picha, lakini pua alikuwa nayo.

Akachuma mchaichai nyuma ya nyumba. Akaokota majani ya mkaratusi kwenye miti ya barabara kubwa, akashuka mpaka mtoni Naviundu kutafuta majani ya mpera, akaanika maganda ya machungwa juu ya bati. Mara ya kwanza alizidisha mkaratusi, maji yakanuka kama duka la dawa na yeye mwenyewe akatoka machozi. Mara ya pili alichemsha mchaichai na maganda kwanza, polepole, mkaratusi akautia mwisho na kuuondoa upesi, kisha chumvi ya mawe gao moja. Majani yote aliyafunga ndani ya kitambaa kikuukuu ili yasimgande mtu mwilini. Akajaribu kwa kuloweka miguu yake. Alisinzia pale pale alipoketi mpaka maharage yakaungua jikoni, na akafurahi kuliko siku zote alizowahi kuunguza maharage.

Bafu nalo lilipatikana. Floribert, rafiki wa Anaclet wa kiwandani, alipasua pipa la mafuta kwa urefu, wakalilaza juu ya matofali ndani ya kiua cha nyasi nyuma ya nyumba. Lilijaza kiua chote. Ukitoka pipani umeshatoka nje. Fensi ya kiua hicho ilimfika mtu mzima kifuani, na Chileshe akapenyeza kipande cha bati kilichokunjwa kama mfereji, ili aweze kumwongezea mume wake maji ya moto kutoka kwenye mbabula, lile jiko la makaa, bila kumsumbua.

Jumamosi mchana Anaclet alisimama mbele ya pipa hilo akiwa amejifunga taulo, akatazama mfuko wa majani ukielea kama kisamvu, sombe ya kwao, chunguni.

"Chileshe!" akasema, na kuku wakaruka. "Mi niko sombe? Banapika muntu na majani?"

"Ingia tu, ba Anaclet. Kama haikupendeze, utatoka."

Akaingiza mguu mmoja, akanuna. Akaingiza wa pili, akanuna kidogo. Maji yalipomfika shingoni alisahau kununa. Harufu ya machungwa ikampanda puani, mabega yakashuka, na kitu fulani katikati ya kifua chake, kilichokuwa kimekaza tangu siku alipopewa ukapita, kikalegea.

"Eh," akasema.

Ilikuwa "eh" ndogo kabisa. Chileshe, aliyekuwa anakoroga chungu cha pili nje, aliangusha mwiko.

Anaclet alikuwa ameanza kusinzia aliposikia sauti nyingine uani, sauti ya mwanamke aliyetoka mbali na anayetaka ijulikane.

"Hodi! Kuko bantu?"

Usingizi ukamruka. Mama mkwe! Walimtazamia wiki ijayo. Sasa, kwa desturi ya kwao Chileshe, na hata ya kwao Anaclet kule kaskazini, mwanamume hamsemeshi mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Huyo ni mama mkwe aliyevaa na mkwe aliyevaa. Mkwe aliye uchi ndani ya pipa, desturi haikumfikiria kabisa. Anaclet akazama mpaka kidevuni.

"Mayo!" Chileshe akasema, yaani mama kwa Kibemba cha kwao. "Karibu, mayo. Ba Anaclet iko ku kazi."

Anaclet alimshukuru Mungu kwa mke mwongo.

"Ni muzuri, tuzungumuze," mama akasema, na kigoda kikalia chini yake, hatua mbili tu kutoka kwenye fensi. "Mwana wangu, nalikuya kukukamata. Kule kwetu banasema bwana yako anakupigia makelele usiku na muchana."

"Ni sauti yake tu, mayo. Hajanipiga hata siku moja. Iko muntu muzuri."

"Sawa. Mi niko na sikio yangu mwenyewe. Kamyo inarudia kesho asubuyi. Ntaikala apa. Kama nasikia makelele ya ule muntu mara moja tu, unafunga bintu byako, tunaenda. Kama sisikie, unabakia."

Ndani ya pipa, Anaclet aliapa moyoni kwamba hatapiga ukelele mpaka kamyo iondoke, na ikibidi mpaka afe. Aliwaza nyumba bila Chileshe, akaona vibaya sana, machozi yakamlenga. Halafu akajituliza. Kunyamaza ni kazi gani? Maji ni matamu, mtu analala tu humu mpaka mama achoke aingie ndani.

"Na hii nyungu ku moto iko na nini?" mama akauliza.

"Dawa ya kuoga, mayo. Ya kutuliza roho. Ba Anaclet ataoga akirudia."

Mama akafunua, akanusa, akaguna. Kisha akasema kigoda kinamuumiza magoti, Chileshe aende kwa jirani akaazime kiti. Chileshe akaenda mbio kwa Adolphine, nyumba ya tatu, maana mama yako akikutuma huulizi.

Anaclet akasikia fundo la kitambaa cha mama mkwe likifunguliwa. Akasikia vitu vikavu vikinyeshea ndani ya chungu, vingi.

"Majani ya kunukia tu," mama akajisemea. "Dawa gani haiko na meno?"

Alikoroga kwa muda. Kisha hatua zikakaribia fensi, na maji yakateremka kwenye ule mfereji wa bati, shwaa, mpaka tone la mwisho. Anaclet alikunja miguu. Yalikuwa ya moto wa kuvumilika, akapumua. Kidogo apige chafya, akaimeza.

Pilipili ya Luapula haina haraka. Ilianza kwenye nyayo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Ikapanda magotini. Ikafika mahali ambapo hapatajwi mbele za watu, ikapapenda, ikaita ndugu zake wote.

Anaclet alifumbua macho yote mawili. Ukelele ulimsimama kooni, ukelele kamili wa kiwandani, wa kusikika juu ya misumeno mitatu. Akanyakua mfuko wa majani akaujaza mdomoni. Mfuko nao ulikuwa umelowa pilipili. Akautema. Akainuka kidogo, akaona kilemba cha mama mkwe juu ya nyasi, akakaa tena, na kukaa huko kulikuwa kubaya kuliko kuinuka. Alishika kingo za pipa, akatikisa kichwa kulia na kushoto, akahesabu watakatifu wote aliowajua na wengine akawabuni.

Chileshe akarudi na kiti kichwani. Akaona chungu kitupu.

"Mayo, mayi iko wapi?"

"Nalimwanga mule mu pipa, ipole joto. Nalitia na pilipili kidogo. Roho ya makelele inapenda joto."

Kiti kilianguka. Chileshe aliziba mdomo kwa mikono miwili, na wote wawili wakageukia fensi. Kukawa kimya. Alijua mume wake anavyopiga kelele akiumwa na mbu. Akaanza kukata tamaa, akaziona nguo zake zimeshafungwa, akajiona juu ya kamyo katikati ya makapu matupu ya samaki.

"Chileshe."

Sauti ilitoka chini chini kwenye nyasi, nyembamba kama ya mtoto anayeungama.

"Chileshe, mama yangu, naomba mayi ya baridi. Kidogo tu. Kama hauna kazi."

Siku zote za ndoa yao Chileshe hakuwahi kukutana na sauti ile. Alichukua ndoo akakimbia, akamwagia mume wake yote, akarudi kujaza nyingine, huku akilia na kucheka.

Alipotoka kiuani mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha Adolphine, anamenya karanga.

"Mayo, we ulijua iko mule?"

"Nalimuona toka nalifika. Fensi yenu iko na matundu. Kisha nikafunga macho, sababu ni mukwe."

"Na ukamumwangia pilipili!"

"Nalitaka kusikia." Mama akatupa ganda. "Baba yako naye, mbele ya kunioa, mama yangu alimutiliaka ileile mu mayi ya kuoga. Alilia mpaka bakamusikia ngambo ya Luapula. Mama akaniambia, mwana, huyu umuache. Mi nikasema hapana, namupenda, ntazobelea, sikio itazoea." Akagusa sikio lake la kushoto. "Apa njo kazi ya baba yako. Haisikie tena kitu. Njo maana nalipanda kamyo, mwana wangu. Sikuya juu ya maneno ya bantu."

Chileshe akaketi chini karibu naye, akamlalia magotini.

"Kesho ntarudia peke yangu," mama akasema. "Muntu matako inawaka moto na anasema naomba, huyo umushike."

Ndani ya pipa Anaclet alifurahi mpaka akasahau kuwashwa. Akanong'ona, "Chileshe, uambie mama aksanti."

"Anasema aksanti, mayo."

Mama akageuza lile sikio la kushoto kuelekea fensi, akalikinga kwa mkono. "Aseme kwa nguvu. Huku sisikie."

Anaclet alivuta pumzi, akaitazama fensi, akaiachia pumzi ile polepole. Mjinga alikuwa, lakini si kiasi hicho.