Neno la Matanga

Sitaki kusema uongo: saa tisa mchana ule, mke wangu Mbithe akiwa chumba cha upasuaji kujifungua, mimi nilikuwa nagombana na neno.

Kazi yangu ni kutafsiri. Simu ya hospitali ilinikuta ofisini, Moi Avenue, nikimalizia kijitabu cha kina mama waliojifungua. Nikabeba kompyuta, nikakimbilia Kilimani. Ilikuwa imebaki sentensi moja: Kiingereza kilitaka jamaa wote wampe mama 'hug', hagi, kila siku.

"Sifuna, andika tu 'wamkumbatie' tumalizane," mkubwa wangu Jacklyne aliniambia kwa simu. "Client anangoja."

Rahisi kwake. Hagi ya Nairobi tunaigawa kama karanga. Unakutana na mtu Adams Arcade, bega kwa bega, kofi la mgongo, mmeachana. Lakini kumkumbatia mtu? Nyumbani kwetu Kimilili nimewaona watu wazima wakikumbatiana mahali pamoja tu, matangani. Mama alinikumbatia mara ya mwisho siku tuliyomzika baba. Kila nikitaka kuliandika neno hilo, vidole vinakataa.

Na hapo nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi la pili, alikuwa ameketi mama mkwe, Kanini, aliyekuja asubuhi kutoka Mwala. Amenipa mgongo. Ndivyo heshima inavyotaka, kwao Wakamba na kwetu Wabukusu: mkwe hamshiki mama mkwe mkono wala hamkazii macho. Miaka minne hatujawahi kugusana. Hata chai nilimpelekea kwa mkono wa Were, mlinzi wa mlangoni, na jibu likarudi kwa Were huyo huyo: "Mathe anasema asante, na wewe pia ukunywe."

Sikunywa. Nani angekunywa?

Saa kumi kasoro robo nesi akatoka mbio. "Watu wa Mbithe ni nani? Amepoteza damu mingi. Daktari anajaribu. Mungoje tu hapa." Mlango ukafungwa.

Mama mkwe akasimama. Leso ikamdondoka. Akapiga hatua moja, akayumba. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikanyoosha mikono, ikabaki hewani.

Naona aibu kuisema hii. Sikuwaogopa wazee wala mila. Niliogopa kwamba nikimkumbatia mama huyu, basi Mbithe atakuwa amekufa. Mtu mzima na digrii yake, nilisimama pale nikiamini mikono yangu ingemuua mke wangu.

Akaegemea ukuta, akaanza kuteleza chini. Kisha akageuka, akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Unangoja nini, baba? Nishike!"

Nikamshika. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, ananukia moshi wa kuni na sabuni ya mche. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wangu. Nikaanza kulia, kwikwi za mtoto kabisa.

"Nyamaza," akaniambia begani. "Mtu haliliwi akiwa hai."

"Mama, kwetu hivi ni vya matanga."

"Na kwetu si vya popote. Wewe shika tu."

Nikashika. Watu walipita na mafaili yao, wakatukwepa. Sijui ni dakika ngapi. Niliomba kwa Kibukusu, yeye aliomba kwa Kikamba, hatukungojana.

Nesi aliporudi alitukuta vile vile, akashtuka.

"Ai! Kwani nani amewaambia vibaya? Damu imesimama. Ameamka. Na ni msichana, kilo tatu."

Hapo ndipo ilipobidi tuachiane, kila mtu arudi benchi lake na heshima yake. Nililegeza mikono. Yeye akaikaza yake.

"Haya mambo mengine tuwaachie wazee," akasema.

Simu ikalia mfukoni. Jacklyne bila shaka, anataka neno lake. Ililia mpaka ikachoka. Sikuwa na mkono wa kuipokelea.